Utani wangu kwenye kikao cha uhamiaji

Leo nusura shemeji yangu abebwe kwa mdomo wangu!

Hamjambo wapendwa? Baba Juma hajambo, bibi hajambo, mdogo wangu Zawadi na tumbo lake wazima. Mie ndo moyo bado unadunda.

Kikao cha mtaa hapa Mtoni, afisa uhamiaji anaeleza wageni watakavyohakikiwa. Watu wanashangilia: "Waondoke, tumejaa!"

Mume wa Zawadi, Muha wa Kigoma kule mpakani na Burundi, ndo anaingia. Mie na utani wangu: "Afande, anza na Mrundi huyu!"

Afande kamgeukia. "Kitambulisho?"

Kakiacha nyumbani! Zawadi kando yangu machozi. Mie naapa, "Shemeji yangu jamani, mtu wa Kigoma, namtania tu!"

"Kigoma wapi?"

"Kasulu, afande."

Afande akaangua kicheko. "Mie pia wa Kasulu. Na mashemeji zangu wananiita Mrundi hivyohivyo. Kaa."

Nijibuni haraka: nimpikie shemeji nini leo anisamehe?