Mbwa Aliyefiwa

Jirani yangu fundi viatu alifiwa na mkewe, na watoto wao wakazika wakarudi makwao kabla udongo haujakauka. Akabaki na mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa wa marehemu. Fundi hakuwahi kumpenda, ndiye aliyembandika jina la Mlaji. Baada ya mazishi Mlaji akaacha kula. Akawa analala mlangoni kutwa. Akiitwa anainua kichwa, kisha anakirudisha chini.

"Unaona, shemeji?" fundi akaniambia. Tunaitana hivyo kwa kuwa mkewe alikuwa shoga yangu. "Watu wameshasahau. Huyu bado anamlilia."

Akaanza kukaa naye chini, wote kimya, viatu vya wateja vikirundikana. Majirani, hodari wa kusema, tukasifu: mbwa ana utu kuliko watu. Mdomo wangu ulivuma kuliko yote.

Siku Mlaji alipoanguka akivuka kizingiti tu, niliita teksi tukampeleka kwa daktari wa mifugo.

"Haumwi, daktari," fundi akasema. "Ana majonzi."

Daktari, binti asiye na maneno mengi, akamfunua mdomo. Ufizi wa Mlaji ni mweusi tangu azaliwe, hauoneshi rangi ya damu. Fundi alikuwa akiuangalia kila asubuhi na kuridhika. Daktari akavuta kope ya chini ya jicho. Ndani, palipotakiwa kuwa na wekundu, palikuwa peupe kama karatasi. Akatoa damu, akaizungusha kwa mashine ndani ya mrija mwembamba. Chembe nyekundu zilizotuama hazikufika hata robo ya damu yote. Tone jingine akalichungulia kwa hadubini.

"Amepungukiwa damu, mzee. Kupe wamemwambukiza vijidudu vinavyoiharibu. Atapona."

"Na majonzi?"

"Majonzi hayafanyi jicho kuwa hivi."

Fundi akaangua kilio palepale. Daktari akampapasa bega, akidhani ni furaha. Hata mimi nilidhani hivyo.

Dawa zikafanya kazi. Mlaji akaanza kuramba sahani mpaka zing'ae na kubwekea kila mpita njia. Nikaenda kumpongeza fundi. Nilimkuta ameketi mlangoni, mbwa yuko getini anacheza na watoto wa shule.

"Hongera, shemeji. Amepona kabisa."

"Amepona," akasema, bila kumtazama. "Kumbe siku zote zile nilikuwa nalia peke yangu."