Tokeni Namba Saba Iliyopinda

Yule bwana alinunua tokeni kumi na mbili, zote zimepinda pembe, na hakuomba kubadilishiwa hata moja.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilifurahi nimepata mteja.

Ngoja niwaweke sawa kwanza, maana najua kuna mtu ameshafikiria tokeni za umeme. Punguza haraka, siyo hizo.

Mimi ni muuzaji kwenye duka la makumbusho, pale bandari ya zamani, ndani ya ghala lililokuwa la forodha. Kushoto kuna vitabu vya meli na minara ya taa, meli ndogondogo ndani ya chupa, na kofia za nahodha ambazo kila anayezijaribu anafanana na mpishi. Kulia ni mambo ya reli. Vitabu vya injini za mvuke, filimbi, kadi za posta, vikombe vya bati, na tokeni.

Tokeni ni kipande cha shaba, kikubwa kama kiganja. Zamani, reli ikiwa moja na treni ni mbili, mkuu wa stesheni alimkabidhi dereva tokeni mkononi. Ukiwa nayo, njia ni yako. Kama huna, huondoki, hata abiria wakutukane mpaka wachoke.

Tokeni yetu ya kweli ilikaa kwenye kabati la kioo. Namba saba, pembe moja imepinda. Hizi za kuuza alizisubu fundi mmoja kwa alumini ya kuyeyusha, akazipaka rangi ya shaba. Mimi ndiye niliyempelekea ile ya kweli atolee kalibu, na nakala zilipokuja nikamlalamikia.

"Fundi, mbona zote zimepinda?"

"Dada, mimi nasubu nilicholetewa. Ukiniletea kiatu kilichotoboka, utapata viatu mia vilivyotoboka."

Nikamwacha na ubishi wake.

Sasa huyu mteja, bwana wa makamo, shati limenyooshwa hadi kola inakata, nikamfungia dazeni yake. Nikadhani kamaliza. Akainamia kaunta.

"Unaweza kujua familia ya yule dereva wa ajali ya treni iko wapi?"

Nikajifanya napanga mifuko.

Kuna kitabu kikubwa cha historia ya reli tunakiuza pale. Ukurasa wa mia na kumi na mbili unasema dereva aliondoka stesheni bila tokeni, akagongana uso kwa uso na treni ya mizigo, wakafa watu kumi na mmoja. Kitabu hicho nakiuza kila wiki. Nakifunga kwa karatasi nzuri na nasema karibu tena.

Dereva huyo ni baba yangu mzazi.

Alifungwa miaka mitatu, akarudi, na mtaani wakampa jina la Breki. Mama alikufa akiitwa mke wa Breki. Mimi nilipoomba kazi makumbusho niliandika ukoo wa mume wangu, nikafunga mdomo, na kwa miaka tisa hakuna aliyejua.

"Siijui hiyo familia," nikamjibu.

Akachukua mfuko wake, akaondoka. Nikampa jina Bwana Dazeni, lakini kicheko chenyewe hakikutoka.

Jioni nikabeba nakala moja hadi nyumbani. Sijui kwa nini. Hizi tokeni zilikuwa na mwezi tu dukani, na baba sijawahi kumletea kitu chochote cha reli.

Alikuwa kibarazani anakata kucha. Nikaiweka mezani.

Wembe ukamdondoka.

"Umeitoa wapi?"

"Ni nakala tu, baba. Ya kuuza."

"Nakala ya nini? Ya kweli iko wapi?" Akaishika, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye ile pembe. "Namba saba. Hii ndiyo niliyopewa siku ile. Nilipewa mkononi, mwanangu, nikaining'iniza pale mbele yangu. Nilipozinduka kwenye majani haikuwepo. Mkuu wa stesheni akaapa mahakamani kwamba hakunipa kitu, tokeni zote anazo yeye."

"Baba, huenda ilipinda baadaye."

"Tokeni iliyopinda haiingii kwenye ile mashine ya stesheni inayozitunza na kuzitoa. Hii ilipinda kwenye ajali. Na kama ilikuwa kwenye ajali, nani alinipa?"

Miaka thelathini na tano mzee wa watu anasema "nilipewa", na mimi, Mungu anisamehe, kuna siku nilikuwa nawaza labda anajitetea tu. Nililia siku hiyo kwa aibu.

Kesho yake nikamvaa Bosi wetu, mama mmoja mwenye sauti ya kengele ya meli.

"Bosi, ile tokeni ya kweli ilitoka kwa nani?"

"Kwenye sanduku la marehemu mkuu wa stesheni. Mtoto wake ndiye aliyelileta. Taa, bendera, kofia, na hiyo. Si yule bwana aliyenunua dazeni jana?"

Kumbe ni mtoto wake!

"Tena ameomba arudishiwe," Bosi akaendelea. "Anasema alitoa sanduku bila kulikagua. Anakuja Ijumaa saa tatu."

"Na umekubali?"

"Mali ya baba yake, nimkatalie kwa lipi?"

Ndugu zangu, hesabu yangu ilikuwa hivi. Jamaa kagundua baba yake aliacha ushahidi nyuma. Kanunua nakala nyingi azipoteze. Anaitafuta familia yetu atunyamazishe. Ijumaa anachukua ya kweli, anaitupa baharini, na baba yangu anakufa muuaji.

Ningemwambia Bosi ukweli. Lakini ningeanzia wapi? "Samahani Bosi, mimi ni mtoto wa Breki, nimekudanganya miaka tisa"? Mdomo ulikuwa mzito kama nanga.

Alhamisi mchana, wenzangu wakiwa wanakula, Afande akawa ameenda kuosha uso. Afande ndiye mlinzi wetu, mzee mpole, tunamwita hivyo ingawa buti la jeshi hajawahi kulivaa. Ufunguo wa kabati huwa unaning'inia kwenye kiti chake.

Nikafungua. Nikatoa ya kweli. Nikaweka nakala. Nikafunga, ufunguo nikaurudisha, na tokeni ikaingia kwenye begi langu chini ya bakuli la chakula.

Sikulala. Baba sikumwambia. Nilijiambia nitampelekea wakili wiki ijayo, nikishajua wakili anapatikanaje.

Ijumaa saa tatu kamili Bwana Dazeni akaingia, na mama mmoja aliyebeba faili nene. Wakili, akatambulishwa. Nikasema moyoni, umekuja na jeshi kabisa!

Bosi akafungua kabati, akamkabidhi. Yule bwana akaipima mkononi. Uso ukabadilika.

"Hii siyo."

"Siyo vipi?" Bosi akauliza.

"Nyepesi. Hii ni kama zile nilizonunua."

Bosi akaikuna kwa ukucha. Rangi ikabanduka, alumini ikacheka na sisi wote.

"Afande!"

Mzee akaja mbio.

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Ninao mimi, Bosi."

"Kuna mwingine anao?"

"Hapana, Bosi. Lakini naapa, sijaigusa."

"Ufunguo unao wewe peke yako, na kitu kimetoka kwenye kabati. Kimetokea dirishani?" Bosi alikuwa tayari ameshika simu. "Utaenda kuyaeleza hayo polisi."

Afande akavua kofia. Sijui kwa nini mtu anayesingiziwa huvua kofia. Akawa anarudia, "Sijaigusa, Bosi. Sijaigusa," na kila akirudia sauti inapungua. Akanigeukia mimi. "Dada, hebu nisaidie. Si unanijua?"

Namjua. Ana wajukuu wanne wanaokula kwa mshahara huo.

Nilikuwa na nafasi nzuri ya kunyamaza, jamani. Nisidanganye, kwa sekunde kadhaa niliitumia. Nilisema moyoni, watampekua, hawatamkuta nayo, watamwachia. Kisha nikamwona baba yangu akiwa amesimama vilevile mbele ya watu, anasema "nilipewa", na kuna mtu mmoja tu chumbani anayejua kwamba anasema kweli, na mtu huyo kanyamaza.

Nikafungua begi. Nikatoa bakuli. Nikaigonga tokeni kwenye kaunta, ikalia kama shaba inavyolia.

"Nimeichukua mimi. Mwacheni mzee." Kisha nikamgeukia Bwana Dazeni na mate yakanitoka. "Na wewe huiondoi hapa! Baba yako alimfunga baba yangu! Miaka thelathini na tano anaitwa Breki, mama yangu kafa kwa fedheha, na wewe unakuja na wakili kuzika ushahidi?"

Bosi simu ikabaki hewani.

Yule bwana akakalia boksi la vitabu.

"Wewe ni mtoto wa dereva?"

"Ndiyo!"

"Dada yangu," akasema, "miezi minne nakutafuta."

Wakili akafungua faili. Ndani kulikuwa na shajara ya mkuu wa stesheni. Aliandika kwa mkono wake kwamba alimpa dereva tokeni huku treni ya mizigo tayari iko njiani, kosa ni lake mwenyewe, akakimbia kwenye mabaki kabla ya wengine, akaichukua. Hakuweza kuitupa. Kila mara alipotaka kuitupa, aliandika, mkono ulikataa.

Mtoto aliikuta shajara baada ya sanduku kuja kwetu. Zile nakala alizituma kwa familia za waliokufa, kila moja na barua ya kueleza ukweli. Kumi na moja.

Akatoa mfukoni ya kumi na mbili, imefungwa na barua yake.

"Hii sikuwa na anwani. Nilikuuliza wewe, ukasema huijui familia."

Na ile ya kweli walikuwa wanaipeleka mahakamani kesi isikilizwe upya, pamoja na shajara. Siku hiyohiyo. Wakili akanitazama juu ya miwani.

"Mama, ungeificha wiki mbili zaidi, mtu mahakamani angeuliza kama ni ileile. Kidogo umharibie baba yako kesi."

Nikatamani ardhi ipasuke.

Jumapili nikampeleka yule bwana nyumbani. Njiani alikuwa anafuta viganja kwenye suruali. Alipofika akataka kupiga magoti, baba akamzuia.

"Siku ile ulikuwa na miaka mingapi?"

"Sita, mzee."

"Basi kaa. Mtoto wa miaka sita haniombi msamaha. Kaa unywe chai."

Wakakaa. Wakalia wote wawili, yule bwana akimlilia baba yake, baba akililia miaka yake. Nami nikaona niingize neno, nikasema, "Baba, mimi nilitaka kukulinda tu."

Akafuta machozi, akaniangalia.

"Mkuu wa stesheni naye alikuwa na mtoto nyumbani wa kumlinda. Alificha tokeni, akasimama kando, nikachukuliwa mimi. Wewe ulificha, ukasimama kando, nusura achukuliwe mlinzi. Niambie tofauti yenu."

Mpaka leo naitafuta.

Kesi inaendelea, na wakili anasema inakwenda vizuri. Bosi alinisimamisha kazi mwezi mzima, akanirudisha kwa barua ya onyo, na nilistahili zaidi ya hapo. Afande nilimwomba radhi mara tatu. Ananisalimia vizuri tu, lakini jioni nikitoka ananisimamisha mlangoni, ananiambia, "Dada, fungua begi," na ananikagua mpaka kwenye bakuli.

Nafungua bila kununa.

Wewe unayesoma hapa na kuna kitu umekificha kwa ajili ya umpendaye, usijipongeze bado. Angalia kwanza nani ameshika ufunguo, maana akiulizwa, atasema kweli na hakuna atakayemwamini.