Bendera Nyekundu ya Tanuri

Jumanne, tarehe 14 Julai 1959. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa kusi.

Kiwanda cha mikebe cha Changamwe kilikuwa kikichelewesha mizigo, na meneja alitaka kujua muda unapotelea wapi. Akampa karani Mahfudh kazi hiyo. Kwa wiki sita, kila robo saa, Mahfudh alipita na saa yake na karatasi, akitia alama mbele ya kila jina: anafanya kazi, au amesimama. Hakuruka hata mzunguko mmoja. Ila tanuri la kukaushia rangi lilipofunguliwa, bendera nyekundu ilipandishwa na hakuruhusiwa mtu kupita ila mhudumu wake. Hapo Mahfudh alingoja nje, bendera ikishuka akaingia, akaandika alichokiona.

Alichokiona kila mara ni Karisa, mhudumu wa tanuri, kaegemea toroli, mikono mitupu.

"Bwana karani," Karisa alizoea kumtania, "siku moja utanikuta nimelala, angalau upate jipya la kuandika."

Jumanne hiyo Karisa alipewa barua ya kuachishwa kazi. Chumba cha kampuni alitakiwa akihame kesho yake, yeye na mkewe Nyamvula na watoto wanne. Akamfuata Mahfudh mezani. Hakupaza sauti.

"Sikuombi huruma. Nakuuliza tu. Bendera ikiwa juu, wewe huwa wapi?"

"Nje."

"Na mimi?"

Karisa alipoondoka, Mahfudh alizitandaza karatasi zote. Alama za Karisa za kusimama zilikuwa arobaini na nne. Arobaini na moja aliziandika bendera ikiwa ndiyo kwanza imeshuka.

Akampelekea meneja.

"Barua nimeshaitia sahihi," meneja alisema bila kuinua macho. "Na nafasi yake ina mtu."

Asubuhi ya pili, Mahfudh aliingia kabla bendera haijapanda, akasimama kando ya tanuri. Mnyororo wa kutolea sinia ulikwama, kama ulivyozoea. Masha, aliyeshika nafasi ya Karisa, alizivuta sinia za mikebe kwa kulabu, moja moja, kwa dakika kumi na moja. Bendera iliposhuka, akaegemea toroli, akihema.

Mahfudh aliandika: anafanya kazi. Akaichukua karatasi hiyo hadi kwa Karisa, aliyekuwa akifungua kitanda mbao kwa mbao.

Karisa aliisoma yote, akamrudishia.

"Mwekee Masha," akasema.