Jumapili za Nyuma ya Uzio wa Minyaa

Enzi zetu, sisi wa mtaa wa Kitaji tuliokuwa wadogo wakati wa korona, Jumapili ilikuwaga na harufu ya mafuta ya kujipaka na dagaa wa kukaanga. Mama alituogesha kwa zamu, mimi na mdogo wangu Bhoke, tukavaa viatu vya kubana, tukashuka Sande skuli. Mwalimu wetu Nyangeta, dada mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alitupokea mlangoni akimwita kila mtoto kwa jina la bibi au babu yake, tukacheka mpaka wazee wa kanisa wanakunja sura.

Jumapili moja mama akatoka peke yake.

"Ninyi mtabaki. Wazee wamesema watoto wasije kwanza. Watoto ndio mnabeba."

"Tunabeba nini?" Bhoke akauliza. Mama alikuwa ameshafika barabarani.

Hatukuelewa. Shule imefungwa, soko liko wazi. Watu wazima wanakwenda kanisani, sisi hapana. Redio inasema hivi, jirani anasema vile. Asubuhi tunanyweshwa tangawizi na malimao, jioni tunafunikwa blanketi tuvute mvuke wa mwarobaini mpaka machozi yatoke, na ukiuliza unaumwa nini, unaambiwa huumwi. Siku moja nilimkuta Bhoke uani amegeuza mifuko ya gauni nje, anaikagua.

Mwalimu Nyangeta ndiye aliyetufuata. Kila Jumapili alipita mtaa mzima kwa miguu, barakoa ya kitenge usoni, akasimama upande wa pili wa uzio wetu wa minyaa. Alitusimulia habari za kondoo aliyepotea, akatuimbisha, sisi ndani yeye barabarani, bodaboda zikitukata katikati ya wimbo. Tukimsogelea, anarudi nyuma.

"Hapana, wanangu. Tupungiane tu."

Tulipunga mpaka akakata kona.

Halafu akaacha kuja. Tulikaa pale kwenye uzio, tumeoga, tumevaa. Mama akasema mwalimu amesafiri. Jirani akasema anaumwa, yuko kwa kaka yake, kijijini Guta, kule Bunda. Baba akasema, "Hayo si maneno ya watoto." Bhoke akaniuliza kama tulimwambukiza kwa kumpungia. Mimi ndiye mkubwa, nikamvua viatu tukaingia ndani.

Shule zilipofunguliwa, tukaruhusiwa tena kanisani. Viti vimeachanishwa, ndoo ya koki iko mlangoni. Mwalimu Nyangeta alikuwepo, amekonda, gauni linamning'inia, sauti inakwaruza. Tukasimama mbali kama tulivyoagizwa. Bhoke akapaza sauti:

"Mwalimu, ni mimi nilikubebea ugonjwa?"

Mzee mmoja akakohoa, watu wote wakamgeukia. Mwalimu akashika kiti, akapiga magoti taratibu.

"Sijui ulitoka wapi, Bhoke. Hata jina lake sikuambiwa. Lakini siyo wewe, mwanangu."

Akamfungulia mikono. Mama akainuka kuzuia, akasita, akaketi. Bhoke alilia kifuani pale mpaka akapitiwa na usingizi.

Siku hizi Sande skuli ina spika na madawati mapya, na kipindi kikirefuka kidogo watoto wananung'unika. Binamu yetu mdogo aliniuliza juzi kwa nini hatukupigiana video tu na mwalimu. Nikacheka. Simu ya nyumba nzima ilikuwaga moja, ya batani, ya baba!

Mwalimu Nyangeta bado anafundisha, na mimi namsaidia. Nikimwuliza ule mwaka ulikuwa nini hasa, anatikisa kichwa. "Tufagie, wanakuja."

Tunafagia. Wanaingia wakisukumana mlangoni, wanabanana kwenye dawati moja, wananong'onezana wakipumuliana usoni, na hakuna mtu anayewatenga. Nami nasimama na ufagio wangu, najikuta nawaonea wivu.