Wembe Uliomruka Yunisi

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, Stefano mwanangu, naweka kikombe chini hata kama chai bado ya moto. Ni siku ya kunyoa, tulipomaliza msiba wa baba yangu, babu yako, kule nyumbani Kongwa. Jumapili ulipokuja na mkeo Eliza kuniambia mmepata barua ya ustawi wa jamii, na kwamba mwezi ujao mnakwenda kumchukua mtoto, nilicheka, nikawapongeza, nikamwambia mkeo ale vizuri maana mtoto wa miaka miwili si mwepesi kubeba. Mlipoondoka nilikaa barazani mpaka jua likanifuata ukutani. Kuna jambo sikuwaambia. Nimeona niliandike, kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitaligeuza utani. Ndivyo nilivyo baba yako mkubwa, unanijua.

Dada yako Yunisi unamfahamu, lakini hujui alivyokuja kwetu. Mimi na mke wangu Damari, mama yako mkubwa, tulikaa kwenye ndoa miaka kumi na mmoja bila mtoto. Nilikuwa bwana mifugo kule Chemba, nikizunguka na pikipiki kuchanja ng'ombe wa watu, na kila nyumba walinipa maziwa na swali lilelile: wa kwako wangapi? Mimi nilijibu wako njiani, watu wakacheka. Damari hakuwa na mzaha wa kujibia. Aliacha kwenda kwenye ubatizo wa watoto wa wenzake, akasingizia kichwa. Siku moja, tunapukuchua mahindi, akaniambia amechoka kusubiri, na kwamba mjini, kwenye makao ya yatima, kuna watoto ambao hakuna anayekwenda kuwaona hata sikukuu.

Tulihangaika na ofisi zaidi ya mwaka. Walikuja kukagua choo, wakakagua kitanda, wakawauliza majirani kama nakunywa pombe. Mwishowe tukapewa Yunisi, kwanza kwa malezi ya kambo, yaani ya muda. Alikuwa na miaka miwili na kitu. Mama yake alifariki akijifungua, na hakuna ndugu aliyejitokeza. Wiki nzima mtoto yule alilala na viatu. Ukigusa kamba tu, anapiga mayowe mtaa mzima unasikia. Damari akasema mwache, anadhani atahamishwa tena. Siku ya tisa alivivua mwenyewe, akavipanga chini ya kitanda, akapanda kulala. Damari alikwenda jikoni akalia mpaka uji ukaungua. Ule uji ulioungua tuliunywa wote, na mimi sijapata kunywa uji mtamu kama ule.

Ikaja siku ya mahakama. Jaji akaniuliza kama naelewa kwamba kuanzia saa ile mtoto yule ni wangu kwa kila jambo, kana kwamba nimemzaa. Nilijibu "Naelewa, mheshimiwa!" kwa sauti kubwa hata karani akaacha kuandika akanitazama. Ikumbuke sauti hiyo, mwanangu, maana utaona ilikoishia.

Yunisi alikuwa na miaka tisa babu yako alipofariki. Walipendana sana wale. Mzee alimwita kwa utani "mke wangu", na Yunisi ndiye aliyemtwangia ugoro na kumtafutia fimbo yake ikipotea. Sasa desturi ya nyumbani kwetu unaijua: msiba ukifika mwisho, watu wa ukoo wananyolewa, wakubwa kwa wadogo, na waliokuja kutupa pole wanakaa pembeni wanatazama. Siku moja kabla, mtoto alikaa kwenye kivuli cha ghala mchana kutwa akifumua misuko yake mwenyewe, kwa sababu mama yake alikuwa anasonga ugali wa watu wote wale. Nilimpita mara mbili. Nilimwona amefika nusu ya kichwa, nikatabasamu, nikaendelea na shughuli zangu.

Asubuhi wajukuu mlikaa mstari mbele ya nyumba. Wewe ulikuwa wa tatu, na ulilia wembe ulipokugusa sikio. Pengine unakumbuka sikio lako tu. Nyuma yako alikuwa Yunisi. Babu Ndahani, yule mzee aliyenyoa misiba yote ya kijiji, alikuwa ameshamlowesha nywele kwa maji, shangazi yako Rebeka, dada yangu mkubwa, alipopita na sufuria akasema:

"Huyo mruke, babu. Huyo mtoto wa serikali, siyo wa msiba huu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekumbusha kwamba chumvi imeshatiwa. Babu Ndahani akasimama, wembe mkononi, akanitazama mimi. Yunisi naye akanitazama, maji yakimtiririka usoni. Nilitakiwa kusema neno moja, Stefano. Mnyoe. Basi. Nami nikageuza uso nikatazama zizini, nikajifanya nimeona ndama anachechemea, nikaenda kumkagua mguu. Ndama yule hakuwa na kitu. Nilijiambia leo ni msiba wa baba, si siku ya kugombana na dada mbele ya watu, nitamsema baadaye tukiwa wawili. Nilipogeuka, wembe ulikuwa umeshamruka mwanangu, uko kwenye kichwa cha mtoto aliyefuata.

Mchana Damari alimkuta Yunisi nyuma ya ghala ameokota wembe mkuukuu, amejinyoa mwenyewe. Kichwa kilikuwa na mabaka, na damu imemfika shingoni. Akamuuliza mama yake, "Sasa nafanana nao?" Damari alimwosha, akamfunga khanga. Mimi hakunisemesha siku nne, na ya tano aliniambia maneno machache tu, kwamba yeye alikuwa jikoni hakusikia, lakini mimi nilikuwepo.

Aliyenisema siku ileile ni babu Ndahani. Nilimkuta jioni ananawa mikono aende zake.

"Kijana," akaniambia, "mimi dada yako sikumuuliza kitu. Nilikuuliza wewe. Nimesimama na wembe mpaka mkono umechoka."

"Nitaongea na dada, babu."

"Ongea naye. Ila mtoto alikuwa anasubiri asubuhi."

Niliongea na Rebeka baada ya mwezi. Alilia, maskini, akasema hakujua, akamletea Yunisi kuku na kitenge. Yunisi akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Tangu hapo akawa mtoto mwema kupita kiasi, na hilo ndilo linaloniuma. Hakuvunja kikombe, hakununa, hakuniomba kitu. Akitaka maji ya mtungini anaomba ruhusa kwanza. Nilikuwa baba, nikaanza kuitwa mzee. Leo ni muuguzi huko Njombe, ananipigia simu kila Jumapili, shikamoo mzee, presha inaendeleaje, dawa umekunywa? Watu wananisifia, wanasema una binti anayekujali. Nami nasema ndiyo. Nikishakata simu nyumba inakuwa kubwa sana.

Mama yako mkubwa alipofariki mwaka juzi, wewe ulichelewa barabarani, ulifika tumeshanyoa. Kwa hiyo hili hukuliona. Yunisi alikuja amefunga kitambaa kichwani, akafanya kazi zote za msiba, na siku ya kunyoa akaenda kukaa kwenye viti vya plastiki, upande wa wageni. Mimi nilikuwa nimeisubiri siku ile miaka mingi, naona haya kusema kwamba hata katika majonzi yale niliisubiri. Nikainuka na mkongojo wangu, nikasema mbele ya watu wote, kwa sauti ileile ya mahakamani, kwamba yule pale ni binti yangu na binti wa marehemu, aitwe, anyolewe wa kwanza, kabla yangu mimi.

Yunisi akaja taratibu, akapiga magoti mbele yangu, akafungua kitambaa. Kichwa kilikuwa kimeshanyolewa chote, vizuri, bila hata mchubuko.

"Nilinyoa siku nilipopigiwa simu, mzee," akasema. "Sikutaka kukaa kusubiri nijue mtasemaje."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Akafunga kitambaa chake, akaenda kusaidia kuosha vyombo.

Mwanangu, mtoto wenu anakuja kwenye ukoo huuhuu. Barua ya mahakama mtaiweka sandukuni, lakini atatokea mtu, na huenda ni mtu mnayempenda, atakayemruka mbele ya macho yenu: kwenye kunyoa, kwenye picha ya harusi, au majina ya wajukuu yanaposomwa kanisani. Semeni palepale. Msingoje watu waondoke. Hata kama sherehe itaharibika, iharibike. Na mwambieni mapema alikotoka, nyinyi wenyewe, kwa maneno mazuri, asije akaambiwa na mwenye sufuria.

Nami nikifa, sikilizeni neno langu. Mtoto wenu anyolewe wa kwanza. Na Yunisi wekeeni nafasi mbele, kwenye mkeka wa wafiwa, asikae hapo mtu mwingine. Akija, asiulizwe kitu. Asipotaka kukaa, iacheni hivyohivyo wazi mpaka watu watawanyike, waione.

Mungu awape nguvu ya kumngoja mtoto awazoee na ulimi usioogopa ndugu. Awape nyumba yenye kelele na vikombe vilivyovunjika. Na huyo mtoto wenu, Mungu amjalie avue viatu mapema, naye asipate sababu ya kuvivaa tena.