Koplo Rispah na Bastola Zilizovaa Hereni

Hiki kisa hutakiamini, na wala sikulaumu, maana hata mimi ninayekisimulia kuna pahala nasita kidogo halafu naendelea. Shule niliishia darasa la saba, lakini Dubai nimekaa mpaka walinzi wa maduka makubwa wananiuliza mimi njia ya kutokea. Kwa hiyo sikiliza tu, kuamini utaamini baadaye.

Yupo mama mmoja wa Kikenya, jina lake Rispah, mlango wake unatazamana na wangu pale Discovery Gardens. Anakaa na Caren, msichana wa kwao anayefanya kazi hotelini. Wakipika ugali, harufu inanifuata mpaka kitandani, nami si mtu wa kuinyima harufu heshima yake. Huko kwao Rispah alikuwa koplo wa polisi. Usimdhanie wa kukimbizana na wezi, kwa mwili ule wezi wangemaliza hata kujenga. Yeye alikaa ghala la silaha, kaskazini ya Kenya, kule vumbi linakoingia mpaka kwenye chai. Asubuhi anawagawia wenzake bastola, jioni anazipokea, anazifuta kwa oili, anazilaza. Zilikuwa Browning za zamani, muundo wa tangu miaka ya thelathini, nyeusi, kona zimekuwa nyeupe kwa kuchomolewa na kurudishwa kiunoni. Kishikio kikipasuka, anakifunga kwa mpira wa baiskeli, kesho inarudi kazini.

Hakuwahi kuipenda hata moja.

"Ni kama brashi ya choo," aliniambia. "Siku unaihitaji, unataka tu ifanye kazi. Nani anapamba brashi ya choo, Mzee Rama?"

Sasa mtu mwenye maneno hayo, dunia ikitaka kumchokoza itampeleka wapi? Ilimpeleka kwenye duka la bastola za mapambo.

Ilianza hivi. Kampuni ya ulinzi iliyomleta ilimweka geti la yadi ya makontena, Jebel Ali. Wewe uliyeko kwenye kivuli chako hujui mwezi wa saba wa Jebel Ali. Lami inalainika, upepo unatoka kana kwamba kuna mtu kafungua tanuri la mikate. Rispah akaanguka. Wakammwagia maji, akainuka, wiki iliyofuata akaanguka tena, na daktari wa kliniki akamwambia waziwazi kwamba mwili wake hautaki geti, na mara ya tatu huenda asiinuke. Shafiq, msimamizi wa zamu, Mpakistani mwenye huruma ya kupimwa kwa kijiko, akamhamishia dukani, ndani, kwenye kiyoyozi. Kwa majaribio. Akivuruga anarudi getini.

"Sister," Shafiq akamwambia mbele ya mlango wa kioo, "mikono nyuma, mdomo ufunge. Maoni yako yaache kwenye basi."

Rispah akaahidi. Alikuwa anataka kuishi, basi, na watoto wake wawili walikuwa bado wanamtaka mzima.

Lakini loo, mle ndani. Kumbuka zilikuwa Browning zile zile, mwili ule ule, mgongo ule ule alioufuta kwa kitambaa miaka yote. Ila watu walikuwa wamezifanyia vitu. Moja imechorwa maua kila mahali, imekuwa kama mikono ya bibi harusi. Moja kishikio chake ni cha lulu, inateleza kama sabuni, na Rispah akajiuliza askari mwenye jasho angeishika na nini, meno? Nyingine imetobolewa matundu ubavuni ili waone utumbo wake, kana kwamba utumbo wa bastola una jipya. Ipo iliyopakwa rangi ya waridi. Na katikati, juu ya mto wa mahameli, chini ya taa yake peke yake, ipo ya dhahabu tupu, kwenye kishikio ametiwa kipanga wa vito vya kijani, jicho lake ni jiwe jekundu. Fundi mmoja huko Ulaya aliihangaikia karibu mwaka mzima. Mwaka mzima, mtu mwenye macho mawili na mama aliyemzaa.

Rispah alisimama na mikono yake nyuma, akayameza yote. Usiku akirudi anamtapikia Caren.

"Imevalishwa hereni," anasema. "Kitu cha kutoa watu roho, wameivalisha hereni. Sasa ukipigwa na hiyo ufurahie? Useme aki nimeuawa na kitu kizuri?"

Caren, kijana wa leo, akamwambia mbona ni nzuri tu, ni kama mkufu. Rispah hakumsemesha mpaka asubuhi.

Mwenye duka ni Madam Hilwa, Mwarabu wa hapa hapa, abaya yake imenyooka kama imepigwa pasi akiwa ndani yake. Siku moja akaja mteja, mzee mmoja tajiri wa kanzu nyeupe, mwenye vibali vyake vyote na uvivu wake wote. Anaguna tu. Akaonyeshwa ya maua, akaguna. Ya lulu, akaguna. Madam akavaa glavu, akaitoa ile ya dhahabu, na simu ya ofisini ikaanza kuita. Akageuka, mtu wa karibu alikuwa Rispah.

"Nishikie kidogo," akasema, akaiweka mkononi mwake, akaenda.

Hapo ndipo ubaya ulipoingia. Mtu aliyekaa ghala la silaha hapokei bastola kama anavyopokea kikombe. Hata akikabidhiwa na malaika aliyeapa kwamba haina risasi, atahakikisha mwenyewe. Si kiburi, ni mikono. Kichwa cha Rispah kilikuwa bado kinasema shika, usisogee, na mikono imekwisha kuanza. Kidole gumba kikabonyeza, magazini, kile kikasha cha risasi, ikadondokea kwenye kiganja cha kushoto. Mkono ukashika ile sehemu ya juu kuivuta nyuma, ikagoma. Dhahabu ilikuwa imejaa mpaka kwenye njia zake. Akaivuta kipolisi. Ikalia kama mlango wa stoo, ikarudi nyuma, na jicho la kipanga likaruka, likagonga sakafu, likabingirika mpaka chini ya kabati.

Rispah akachungulia ndani ya chemba, pale inapolala risasi.

"Iko tupu," akasema kwa sauti, vile alivyosema kila jioni kule kaskazini.

Shafiq, aliyekuwa kaja kukagua zamu, alishikilia ukuta. Madam Hilwa akarudi, simu ingali mkononi. Rispah akaliona geti. Aliniambia aliliona kabisa, na lami yake.

Yule mzee wa kanzu akawa wa kwanza kusema.

"Huyu mama haipendi," akasema.

"Sir, anaipenda sana," Shafiq akarukia.

"Sikukuuliza wewe. Mama, huipendi?"

Rispah akawaza: hapa nimekwisha kuharibu, geti ni langu, sasa uongo wa nini? Akaiweka juu ya mto wake.

"Sir, hii si bastola. Hii ni saa ya ukutani imekosa mishale. Inakwama hata kabla ya kufanya kazi. Kwetu kitu kama hiki tungeziba nacho mlango usipigwe na upepo."

Shafiq akafumba macho. Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka agali, ile kamba nyeusi ya kilemba, ikamtoka kichwani. Akachomoa simu yake, akamgeukia Madam.

"Mwambie arudie. Ule mlio. Na ile sura."

Ikabidi Rispah arudie mbele ya kamera. Magazini, mvuto, chungulia, tupu. Kisha mzee akamwomba aitukane na ile ya lulu. Akaitukana. Na ya waridi je? Hiyo akaitukana bila kuombwa mara mbili. Kila tusi mzee anapiga paja, na neno hata moja halikumwingia. Mwishowe akainunua ile ya dhahabu, kipanga bila jicho lake, akasema jiwe lisirudishwe, apate cha kuwasimulia wageni wake.

Unadhani Rispah alifurahi? Alikasirika kuliko kabla. Amewatukana watu ili waache, wao wamemlipia tiketi.

Alipoondoka mteja, Madam Hilwa akamzunguka Rispah taratibu, kama anavyozunguka kabati jipya.

"Nitakushonea sare," akasema. "Nyeusi, kamba za dhahabu mabegani, vifungo vya dhahabu, glavu nyeupe. Kila mteja utamfanyia vile. Na usitabasamu, tafadhali. Hiyo dharau usoni kwako ndiyo ninayoitaka."

Rispah akamtazama Shafiq. Shafiq akamsogelea, akanong'ona, "Sister, Jumatatu getini wanataka mtu."

Sare ikashonwa. Siku alipoivaa, Rispah alijitazama kwenye kioo cha chumba cha kubadilishia, kamba huku, vifungo kule, akawa kama anawaona wenzake wapya wa rafuni, ya lulu na ya waridi, wamemkodolea. Akamwendea Madam, mkononi ana kofia lenye manyoya lililoletwa pamoja na sare.

"Hii hapana. Nirudishe Jebel Ali nikafe na kichwa changu."

"Khalas," Madam akasema. "Bila kofia."

Basi yuko hapo mpaka leo, kwenye kiyoyozi, hajaanguka tena, anadharau kwa zamu. Nami niko nyumbani kwao nakisoma hiki kisa nilichokiandika, Caren ananisikiliza huku akikoroga sufuria, nimefika pale Rispah alipokuwa maarufu Dubai nzima, mstari wa watu unaanzia dukani mpaka stesheni ya metro, na Alhamisi moja akaivua magazini kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chai, macho kayafumba, mbele ya wateja mia mbili, matajiri watupu, na mmoja wao akapiga goti akasema mama, nakuomba—

"Wateja wangapi?" Rispah akasema kutoka mlangoni, kiatu kimoja mkononi. "Mzee Rama, walikuwa wawili. Na mmoja aliingia kuuliza choo."