Tanuri la Njia Panda ya Haydom

Imakulata alikuwa mtu wa Tlawi, kule milimani, akaolewa na Tadei, dereva wa trekta katika shamba la ngano la serikali huko uwandani Hanang. Asubuhi aliwaona vibarua wakinywa chai kavu kambini, huku ngano imewazunguka hadi macho yanapoishia. Akapata wazo la kuoka mikate.

Mwingine angekimbilia kujenga tanuri. Yeye alipika chai, akamwita mumewe pamoja na shemeji yake Hermani, fundi wa matofali, akawauliza, "Hebu niambieni, hii biashara yangu itakufa kwa ugonjwa gani?"

Hermani akaweka kikombe chini. "Shemeji, mtoto hajazaliwa, unamchimbia kaburi? Huko ni kujitabiria mabaya."

"Sijitabirii. Nikianguka, nataka niwe najua nitaangukia wapi."

Tadei akaanza, kwa shingo upande. Mavuno yakiisha, alisema, vibarua hurudi kwao. Imakulata akafikiri, akasema basi tanuri halitakaa kambini. Litakaa njia panda, linapopita basi la kwenda hospitali ya Haydom, lenye wagonjwa na ndugu zao. Hermani naye akachangamka: je, unga ukikosekana?

Hilo lilimkaa kichwani. Alikuwa amekusudia kumpa dada yake Philomena shamba lake la viazi kule Tlawi. Sasa akamwomba walilime kwa ubia. Akaanza kujaribu kukanda unga na viazi vilivyopondwa, ili unga kidogo utoe mikate mingi. Mikate ya kwanza ilitoka mizito, hata mbwa waliinusa wakaiacha. Akazidisha hamira, akapunguza maji, akarudia tena na tena mpaka mkate ukaumuka. Ndipo aliposema, "Haya, shemeji, lete matofali."

Biashara ilishika. Wanawake wengine wakaiga, wakafungua vibanda vya maandazi kambini. Kisha ukaja mwaka wa shida. Ngano ilipakiwa kwenye malori ikaenda zake, lakini unga haukurudi. Maduka yakawa matupu mpaka Dongobesh. Vibarua wakatawanyika, na kambini majiko yakapoa.

Imakulata aliogopa. Akapima unga kidogo aliokuwa ameuweka akiba. Lakini la kufanya alilijua. Akatuma ujumbe Tlawi, na Philomena akateremka na punda wawili waliobeba viazi.

Basi liliposimama, mzee mmoja mfugaji, amejifunga shuka, alinunua mkate mmoja, akapanda tena, akaumega, akatafuna polepole. Kondakta alikuwa tayari anagonga bodi mzee aliposhuka tena.

"Shikamoo, mzee. Kuna kasoro?" Imakulata aliuliza.

"Marahaba, mama. Nipe mwingine. Mke wangu amelazwa Haydom, chakula kinamshinda. Huu ni laini, ataumeza."

Abiria waliomsikia wakanyoosha mikono madirishani. Sinia likarudi tupu.

Tangu siku hiyo dereva alipiga honi kuanzia kwenye kona, ili mikate iwe tayari. Unga uliporudi madukani, watu bado waliulizia mkate wa viazi. Wale wanawake wa kambini walikuja kuomba kazi. Imakulata akawapokea, akawafundisha kukanda. Hermani akajenga tanuri la pili, kubwa kuliko la kwanza, akikataa kusaidiwa hata na kaka yake Tadei.

Siku lilipowashwa, Imakulata, ambaye watu walimzoea kwa ukimya wake, alisimama mbele ya moto akaimba kwa sauti mpaka waliokuwa ndani ya basi wakaitikia.